Kilomita za Mkopo

Kila nikimsikia mtu akisema "muda upo, ni kujipanga tu", natamani kumuuliza: hiyo asubuhi uliyojipanga, chai kachemsha nani?

Nauliza kwa sababu na mimi niliwahi kuyasema maneno hayo, tena kwa sauti. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Moshi mjini, karibu na soko la Kiusa, mteja ananishangaa: watoto wawili, mume dereva wa lori anayelala nyumbani siku mbili kwa wiki, oda za nguo hadi darini, halafu unajiandikisha kukimbia kilomita 50 za njia za milimani? Nikamjibu, "Ni kujipanga tu, dada." Nikajisikia mtu wa maana. Ilikuwa wiki ya pili ya mazoezi, mwezi wa Novemba. Mbio ni mwisho wa Februari.

Programu niliipakua kwenye intaneti. Wiki 16. Jumamosi mbio ndefu, Jumapili mbio ndefu tena, Jumatatu mapumziko. Sina ugomvi na aliyeiandika, kwa maana hesabu yake inaeleweka: Jumapili unaanza na miguu ambayo tayari imechoka, kwa hiyo unaonja hali ya kilomita ya 40 bila kulazimika kukimbia zote 40. Tatizo ni kwamba huyo mtu hajawahi kuishi Moshi. Jumamosi ya Moshi ina wenyewe. Kuna msiba, kuna harusi, kuna kikao cha harusi, kuna sendofu ya mtoto wa mtu ambaye alikuja kwenye sendofu yako. Jumapili kuna kanisa, na baada ya kanisa kuna wale ambao hukwenda kuwaona Jumamosi. Ukija Desemba ndiyo usiseme. Wachagga wote waliotawanyika duniani wanarudi nyumbani, barabara ya Kibosho inajaa magari ya kutoka Dar, na fundi cherehani analala saa nne kwa siku kwa sababu ya magauni ya kipaimara na vitenge vya kamati. Januari zinaingia sare za shule. Mwenye akili angetafuta mbio za Agosti.

Kwa hiyo wiki ya tatu nilikuwa nimeshakosa mbio ndefu mbili. Ya tatu ilikuja na msiba wa baba mdogo wa mume wangu, mazishi Jumamosi, huko Kibosho. Nikakaa kitandani nikiwaza, halafu nikaona kitu ambacho sijui kwa nini sikukiona mapema: Kibosho ni juu, mimi niko chini, na mazishi ni mchana. Nikaviringisha gauni jeusi na khanga mbili, nikatia kwenye mkoba wa mgongoni niliojishonea mwenyewe, nikatoka Majengo saa kumi na moja alfajiri na tochi kichwani.

(Huo mkoba ni fahari yangu. Begi la mtumba la mtoto nimelifumua, nikaongeza mikanda miwili kifuani na mifuko miwili ya chupa, vyote kutoka kwenye koti kuukuu la mvua. Haurukiruki. Vile vya dukani nimeviona, mishono yake ya kawaida tu.)

Mjini tuko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kwa mama mkwe ni zaidi ya mita 1,400. Kilomita 14 za kupanda, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaigeuza ile ardhi nyekundu kuwa sabuni. Mbwa wawili walinisindikiza bila kuombwa. Mzee mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe aliniuliza, "Mama, unakimbizwa na nani?" Nikamwamkia, nikapita. Nilipofika uwanjani kwa mama mkwe, nimelowa, tope hadi magotini, alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mama Neema, pole. Gari limewaharibikia wapi?"

Nilioga, nikavaa nyeusi, saa tatu nilikuwa nimekaa na mawifi namenya ndizi kama kawaida. Hakuna aliyekosa mchango wangu wala mikono yangu. Tangu siku hiyo sijutii Jumamosi.

Niseme kidogo kuhusu njia zenyewe, maana wengi wanaouona mlima kutoka stendi hudhani kazi ni kupanda. Kilimanjaro upande wetu ni sketi ya marinda. Makorongo yameuchana kutoka juu hadi chini, na barabara za gari karibu zote zinafuata mgongo wa rinda: unapanda nao, unashuka nao. Jaribu kukata kwenda kijiji cha upande wa pili. Unaporomoka hadi mtoni, unavuka juu ya mawe, unakwea ng'ambo ukishika mizizi ya kahawa ya watu. Jirani unayemwona kwa macho, kiasi kwamba ukipiga kelele anakusikia, kwa miguu ni nusu saa. Marinda matatu ya namna hiyo yananitosha kuliko kilomita 20 za lami. Na ukichoka, tafuta mfongo, yaani mfereji wetu wa maji. Wazee waliochimba ile mifereji walijua maji hayapandi, kwa hiyo njia inayofuata mfongo inakwenda taratibu pembeni mwa mlima, kivuli juu, maji yanaongea kando yako. Ni mahali pekee ninapokimbia bila kuhema.

Siku za kazi naenda msitu wa Rau, ambao ni tambarare na uko pua na mdomo na mji. Mle kuna mivule ambayo shingo inauma ukitafuta kilele chake. Siendi peke yangu. Tunakwenda wanawake wanne au siendi.

Mwalimu wangu wa kushuka ni jirani, mpagazi. Kikanuni mzigo wa mpagazi Kilimanjaro haupaswi kuzidi kilo 20, na ameubeba huo miaka mingi. Nilipomweleza kuhusu mbio alicheka hadi akakaa chini. "Mama Neema, mimi nalipwa kupanda. Wewe unalipa?" Alipomaliza kucheka akanipa mambo ambayo programu haikuwa nayo. Kabla ya kushuka simama, fungua kamba za viatu, uzifunge upya uibane shingo ya mguu, vidole visigonge mbele. Kucha zikatwe siku mbili kabla, isiwe asubuhi ya safari. Hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, usifunge breki kwa kisigino. Njia ya Mweka hutumika kushukia tu, na anasema huko ndiko magoti yake yalikokwenda shule.

Baadaye nilielewa kwa nini alisisitiza kushuka. Ukipanda, unaumia mapafu, lakini ukipumzika inaisha. Ukishuka, msuli wa paja unavutwa huku unajikaza kukuzuia usianguke, na hapo nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake na kesho kutwa, unashika ukuta kama bibi. Uzuri ni kwamba mwili una kumbukumbu: ukiurudisha kwenye mteremko baada ya wiki moja au mbili, hauumii tena vile. Ndiyo maana kutoka kwa mama mkwe sirudi kwa bodaboda hata anitolee nauli. Anaona ni ubahili.

Chakula nimekaa nacho kidogo tu. Akiba ya wanga mwilini inatosha kama saa moja na nusu hadi mbili za kukimbia kwa nguvu, kwa hiyo nakula kabla sijasikia njaa: viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi, ndizi mbivu, kashata. Maji nakunywa kwa kiu. Kuna watu wanajaza tumbo maji kila kilomita wakidhani wanajilinda. Maji yakizidi yanaipunguza nguvu chumvi ya damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji.

Sasa nirudi kwenye chai.

Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, asubuhi ile video ilizunguka kwenye simu hapa kibandani hadi pasi ikaunguza suruali ya mteja. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, kikawatenganisha kifua, sekunde 0.03. Nilipiga kelele kama wengine. Ila baada ya hapo kila mtu akawa ananiambia, "Unaona? Hata wewe unaweza, ni nidhamu tu." Jamani. Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ na kukimbia ndiyo kazi yake. Namheshimu kupita maelezo, lakini akitoka mazoezini hakuna foleni ya suruali za kupunguza miguu inayomsubiri. Ile nidhamu inahitaji saa za kuiweka ndani, na kwa mtu kama mimi kila saa ina mwenyewe.

Za kwangu zilikuwa za Neema. Nilichagua Jumanne kwa mbio za katikati ya wiki kwa sababu Jumanne asubuhi wateja ni wachache. Natoka saa kumi na nusu, narudi saa mbili, naoga, nafungua kibanda. Nilijisifu kwamba sijamwibia mtu. Kumbe kati ya saa kumi na mbili na saa moja kulikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza anayewasha jiko, anapika uji, anamvalisha mdogo wake soksi, anasimama naye barabarani hadi gari la shule lifike, na ndipo anakimbilia daladala yake mwenyewe. Hakusema neno. Niligundua kwenye sketi. Mimi ni fundi. Doa la majani mabichi kwenye pindo nalijua, na nilijua halikutoka kwenye kukaa darasani. Nikamuuliza. "Mama, wanaochelewa wanafyeka." Mara ngapi? "Jumanne tu. Tatu."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimemwita mtu mvivu, ndani ya moyo wangu, shoga yangu aliyeacha mazoezi kwa kukosa muda. Labda yeye alikuwa amehesabu vizuri kuliko mimi.

Kuna kaka zetu tunaokutana nao kwenye jogging Jumapili moja moja, wanafika alfajiri jezi zimenyooka, wanatoa hotuba kuhusu kuamka mapema na kuacha visingizio. Baadhi ya jezi hizo nimezishona mimi, na nina uhakika hawajui zinafuliwaje. Siwalaumu kwa kukimbia. Nawaomba tu waache kuuza kama tabia njema kitu ambacho wamekopeshwa na mtu aliyebaki nyumbani. Mkopo si aibu. Moshi nzima inaishi kwa vikoba, tunajua kukopa na tunajua kurejesha. Aibu ni kukopa halafu ukatangaza kwamba ni mtaji wako.

Nimepanga upya, basi. Jumanne natoka baada ya gari la shule kuondoka, jua likiwa limeshachomoza, na nakimbia saa moja na nusu, si zaidi. Kibanda kinafunguliwa saa tatu na wateja wamezoea. Mbio ndefu naziweka siku ambayo baba yao yuko nyumbani, na kama kuna shughuli Kibosho naenda nayo. Programu inanidai kilomita 70 kwa wiki. Wiki yangu nzuri kuliko zote imefika 45. Februari kuna watakaonipita wengi, wengine wakiwa wanapiga picha. Lengo langu ni kumaliza kabla hawajafunga meza ya maji.

Wiki hii ni ya sare. Kibanda kimejaa sketi za bluu, na kiuno changu kimekaza kwa kukaa. Juzi nilikuwa natafuta vipimo vya mwaka jana vya mtoto mmoja ambaye mama yake anaapa hajaongezeka. Daftari langu ni la kawaida: jina, kiuno, hipsi, urefu, kianzio alichotoa mteja, salio. Nikafungua ukurasa wa mwisho nikakuta mwandiko wa Neema. Jina: Mama. Kazi: Jumanne tatu. Kianzio: chipsi mayai, Jumanne moja imekatwa. Salio: Jumanne mbili.

Nilimwambia nitazimaliza kabla ya mbio. Amekataa. Anazitaka Jumatatu na Jumanne zinazofuata mbio, niamke mimi, nipike uji mimi, nimpeleke mdogo wake garini mimi. Nyumba yetu ina ngazi tano mlangoni, na ameshaniona baada ya Kibosho nikizishuka kinyumenyume.