Hisa ya Intaneti Ikiporomoka: Uuze au Ushikilie?

Aprili 20, 2022, bei ya hisa ya Netflix ilishuka kwa asilimia 35 ndani ya siku moja. Siku iliyotangulia kampuni ilikuwa imetangaza kwamba imepoteza wateja 200,000 katika robo ya kwanza ya mwaka, wakati soko lilitarajia ongezeko. Mwekezaji wa Marekani Bill Ackman, ambaye mfuko wake wa uwekezaji wa Pershing Square ulikuwa umenunua hisa zaidi ya milioni 3 mwezi Januari, aliziuza zote na kubeba hasara ya zaidi ya dola milioni 400. Kufikia mwisho wa 2024, hisa ile ilikuwa karibu mara 4 ya bei aliyouzia.

Ni rahisi kumcheka. Mimi simcheki. Netflix ilikuwa inapanga kuingiza matangazo na kuwabana wanaotazama bila kulipa, na Ackman alisema wazi kwamba hawezi tena kukadiria kwa uhakika mustakabali wa biashara hiyo. Alichokinunua Januari sicho alichokuwa nacho Aprili. Mambo yalikwenda kinyume na hofu yake, lakini alijiuliza swali lililostahili: je, sababu iliyonifanya ninunue bado ipo? Wengi wetu hatulifikii swali hilo kwa sababu macho yote yako kwenye bei.

Wanaosema shikilia hawachoki kutoa mfano wa Amazon. Desemba 1999 hisa yake ilipita dola 100; Septemba 2001 ilifunga siku chini ya dola 6. Aliyevumilia hadi leo amevuna pakubwa. Ni kweli tupu, ila kuna mambo mawili yanayorukwa. Aliyenunua kileleni alisubiri hadi Oktoba 2009 kurudisha tu fedha yake, maana hisa iliyotoka dola 107 hadi 6 lazima ipande karibu mara 18 kabla hujapata hata senti ya faida. Tena, uvumilivu wa wanahisa sio ulioiokoa kampuni. Februari 2000, mwezi mmoja kabla soko la hisa la Nasdaq halijafika kilele na kuanza kuanguka, Amazon ilikopa yuro milioni 690 kwa kuuza hatifungani. Wakopeshaji walipoanza kufunga milango, yenyewe tayari ilikuwa na fedha mkononi. Pets.com, duka la mtandaoni la mahitaji ya wanyama wa nyumbani ambalo Amazon ilikuwa mmoja wa wamiliki wake, liliorodheshwa sokoni mwezi huohuo wa Februari. Novemba likatangaza kufunga biashara. Wanahisa wake nao walikuwa na imani.

Kwa hiyo kabla ya kusema nashikilia, fungua mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni. Ina fedha taslimu kiasi gani, inateketeza kiasi gani kila robo mwaka, na madeni yanaiva lini? Kampuni iliyobakiwa na fedha ya miezi 9 italazimika kuuza hisa mpya kwa bei ya kutupa, na fungu lako litapungua hata kama itapona.

Fedha nayo haitoshi. Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, ilikuwa na faida halisi mwaka 2000, na kwa miaka iliyofuata biashara yake ilikua, ingawa iliyumba mwanzoni. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 ilipita kabla bei ya hisa yake haijarudi kwenye kilele cha Machi mwaka ule. Kampuni ilikuwa nzuri; bei ndiyo iliyokuwa mbaya.

Kinachonisumbua zaidi ni ile kauli ya "nitauza ikirudi kwenye bei niliyonunulia". Soko halijui ulinunua kwa bei gani. Mwaka 1998 mtafiti Terrance Odean alichapisha uchunguzi wa akaunti 10,000 za wawekezaji wa kawaida: walikuwa wepesi kuuza zilizopanda na wazito kuuza zilizoshuka. Katika mwaka uliofuata mauzo hayo, zile walizouza zilizipita zile walizong'ang'ania kwa wastani wa pointi 3.4 za asilimia. Ndiyo maana kipimo ninachokiamini ni hiki: kama leo ungekuwa na fedha taslimu badala ya hisa hizo, ungezinunua kwa bei ya leo? Ukijibu hapana, unangoja nini?

Wapo ambao jibu lao ni "sijui", na hao ndio wengi. Kwao kuuza sehemu kuna maana, hasa bei inapopanda ghafla. Februari 2008 Microsoft ilitangaza nia ya kuinunua kampuni ya intaneti ya Yahoo kwa dola 31 kwa hisa, zile zilizokuwa zikiuzwa kwa dola 19 hivi. Bei sokoni iliruka, uongozi wa Yahoo ukakataa, na mwaka ulipokwisha hisa ilikuwa chini ya dola 15. Mwanahisa hakuhitaji kutabiri uamuzi wa bodi. Angeuza nusu katika wiki zile za furaha, angekuwa na fedha mkononi, na nusu iliyobaki ingetosha kama bodi ingekubali.