Miaka 7 ya kimya: wanaobaki vyuoni na RNA wana hoja

Siku hizi mtu akimaliza uzamivu katika biokemia au biolojia ya RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya jeni ndani ya seli, ushauri anaopewa ni mmoja, na hupewa hata kabla hajauliza: nenda kampuni. Chuoni kuna nini? Mikataba mifupi, maombi ya ruzuku yanayorudi na maneno ya kuvunja moyo, na nafasi za uhadhiri zinazogombewa na umati. Anayebaki huonekana hajui dunia inakwenda wapi, au anajua lakini anaogopa kutoka. Nadhani tunamwonea. Hata hivyo, tuanze na wa kampuni, maana hoja yao ni nzito kuliko wengi wa upande wangu wanavyokubali.

Pesa tusiidharau. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ambazo viwango vyake hufuatwa na vyuo vingi nchini humo, kwa mwaka 2024 ziliweka posho ya mtafiti anayeanza baada ya uzamivu kuwa dola 61,008. Huyo ni mtu aliyekaa darasani na maabara karibu miaka 10 tangu amalize sekondari, na vyuo vikubwa viko kwenye miji ambayo kodi ya nyumba haina huruma. Kampuni ya dawa humlipa zaidi, tena kwa mkono uleule na kichwa kilekile. Halafu kuna kumwona mgonjwa. Patisiran, dawa ya kwanza inayotumia vipande vifupi vya RNA kunyamazisha jeni, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa watu ambao neva zao huharibika polepole kwa ugonjwa wa kurithi. Ukishashiriki kazi kama hiyo, kuhesabu makala zako majaridani kunaweza kuonekana mchezo wa watoto.

Lakini silaha yao kubwa ni Katalin Karikó, mwanabiokemia ambaye kazi yake ilifungua njia ya chanjo za mRNA, zile zinazoupa mwili maelekezo kwa njia ya RNA. Alitoka Hungaria mwaka 1985, akaishia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1995 akashushwa cheo kwa sababu RNA yake ya kutengenezwa maabara haikuwa ikileta ruzuku. Mwaka 2013 akaenda kampuni ya BioNTech. Mwaka 2023 akapata Nobeli pamoja na Drew Weissman. Wanaopenda kampuni husimulia hivyo, wakafunga mjadala: chuo kilimkanyaga, kampuni ikamwinua.

Simulizi hiyo imeruka mwaka mmoja. Mwaka 2005, Karikó na Weissman, wote wawili wakiwa chuoni, walichapisha jibu la swali lililokuwa limekwamisha kila mtu: kwa nini RNA iliyotengenezwa maabara ikiingia mwilini huamsha kinga kwa hasira? Walionyesha kwamba ukiibadili herufi moja ya RNA, ukaweka pseudouridini mahali pa uridini, kinga hutulia. Kutoka hapo hadi yeye kuingia kampuni ni miaka 8. Fundo gumu lilifunguliwa na mtu aliyeshushwa cheo, katika maabara ya chuo kilichomshusha. Sisemi hivyo kukisafisha chuo, kwa kuwa hakikustahili kupata kazi ile kwa bei ile. Nasema tu kwamba kampuni zilipokuja, mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Nami nikubali kitu hapa. Karikó ni ushahidi mbaya kwa pande zote mbili, kwa sababu tunamjua. Waliokuwa na wazo zuri kama lake wakaacha baada ya kushushwa cheo, hatuna majina yao, na hatutayapata; kupotea ndiko huko. Mtu anayemwambia kijana “vumilia, hata Karikó alivumilia” anamuuzia tiketi ya bahati nasibu kwa kumwonyesha picha ya mshindi.

Kwa hiyo hesabu ninayoirudia mimi ni nyingine. Desemba 1993, mwanabiolojia Victor Ambros pamoja na Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum walitangaza kwamba jeni lin-4 ya mnyoo Caenorhabditis elegans, kiumbe wa milimita moja hivi, haitengenezi protini yoyote. Inachotoa ni uzi wa RNA wenye nukleotidi, yaani herufi, 22 tu. Katika toleo lilelile la jarida, kundi la Gary Ruvkun likaonyesha kuwa uzi huo unaweza kujishikiza kwenye mkia wa RNA ya jeni nyingine, lin-14, na hivyo kuipunguzia protini. Waliosoma wakasema, haya, mambo ya mnyoo. Hakuna aliyekuwa na kingine cha kufanana nacho. Ikawa kimya mpaka mwaka 2000, kundi la Ruvkun lilipoleta let-7, fupi vilevile, na safari hii ikakutwa hata kwa binadamu. Leo tunajua binadamu tunazo RNA za namna hiyo kwa mamia. Nobeli ya Ambros na Ruvkun ilikuja mwaka 2024.

Kutoka 1993 hadi 2000 ni miaka 7. Iweke miaka hiyo kando ya saa za chuoni. Mkataba wa mtafiti wa baada ya uzamivu mara nyingi ni miaka 2 au 3. Ruzuku ya kawaida ya NIH kwa mtafiti anayejitegemea haizidi miaka 5 kabla ya kuombwa upya. Mhadhiri mpya katika vyuo vingi vya Marekani hupewa kama miaka 6 kuonyesha kwamba anastahili ajira ya kudumu, na akishindwa, mwaka wa 7 ni wa kufungasha. Sasa mchukue mtu aliyeajiriwa wiki ile makala za lin-4 zilipotoka, akazipenda, akasema RNA fupi ndiyo kazi ya maisha yangu. Angeketi mbele ya kamati wakati dunia nzima bado inaiona lin-4 kuwa kioja cha mnyoo. Angewaonyesha nini? Angekuwa sahihi kabisa, na angefungasha. Sihitaji kubuni mfano wa kunisaidia: Ambros mwenyewe hakupewa ajira ya kudumu Harvard, ambako kazi ya lin-4 ilifanyika, na makala ilipochapishwa alikuwa ameshahamia Dartmouth.

Wa kampuni hapo hushangilia. Wasiwahi. Tazama alikokwenda: chuo kingine. Kampuni gani mwaka 1994 ingemlipa mtu mshahara afuatilie nukleotidi 22 za mnyoo bila kujua kama kuna mnyama mwingine anazo? Kampuni haina roho mbaya kwa kukataa. Ina wawekezaji, na wawekezaji wana haki ya kuuliza. Upofu wa chuo kimoja husameheka kwa sababu vyuo ni vingi na havipofuki vyote siku moja. Ndiyo hoja ya wanaobaki ambayo husikilizwa kidogo. Hawasemi chuo ni chema. Wanasema swali lisilo na mteja likifukuzwa hapa linaweza kupokelewa pale, na kwamba hakuna kwingine linapopokelewa.

Kuna na sababu ya pili, ambayo mtu hawezi kuielewa akiwa nje ya maabara: RNA yenyewe haina haraka na wewe. Ina kikundi kidogo cha oksijeni na hidrojeni ambacho DNA haina, na hicho huiwezesha kujikata yenyewe. Kana kwamba hiyo haitoshi, jasho la vidole vyetu limejaa vimeng'enya vinavyoikata. Vimeng'enya hivyo ni sugu ajabu. Kimoja cha jamii hiyo, ribonuklease A, unaweza kukichemsha, kikipoa kinajikunja upya na kurudi kazini. Kwa hiyo unavaa glavu, unajikuna pua kwa kujisahau, unavua glavu, unavaa nyingine. Mirija iko kwenye barafu. Usiku unaipitisha RNA kwenye jeli, ambayo hutenganisha vipande kwa ukubwa, ukitazamia mistari miwili mikali, ule wa juu mzito kama mara mbili ya ule wa chini, hiyo ikiwa ni RNA ya ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini, iliyotoka salama. Unapata badala yake ukungu unaoteleza hadi mwisho wa jeli: RNA imekatikakatika. Wiki imekwenda. Nani aligusa nini? Hakuna anayejua.

Ujuzi wa kutopata ukungu huo haumo kwenye makala, umo mikononi, na huchukua miaka kuingia. Hilo ndilo linanifanya nisikubaliane kirahisi na pendekezo ambalo kwa nia ni jema kabisa. Desemba 2023, kamati ya ushauri ya NIH ilipokea mapendekezo kwamba mtafiti wa baada ya uzamivu alipwe angalau dola 70,000 na asikae katika hali hiyo zaidi ya miaka 5. La mshahara sina neno nalo. La miaka 5 nalielewa: kuna watu wamefanywa vibarua wa kudumu kwa jina la mafunzo, wana mvi, na bado wanaitwa wanafunzi wa profesa. Ukomo unamlazimisha profesa kumwachia mtu aende. Lakini aende wapi? Kama upande wa pili wa miaka 5 hakuna cheo cha mwanasayansi wa maabara, mwenye mkataba wa kudumu na asiyetakiwa kuwa profesa ndipo aheshimiwe, basi ukomo ni mlango wa kutokea tu. Na miaka 5 ni pungufu ya 7.

Atasema mtu: kampuni zinacho cheo hicho. Zinacho, na ndiyo maana nasema hoja yao ni nzito. Ila usalama wake tusiukuze. Julai 2025 Moderna, kampuni ya chanjo za mRNA, ilitangaza kupunguza takriban asilimia 10 ya wafanyakazi wake, na Agosti serikali ya Marekani ikasimamisha miradi 22 ya chanjo za mRNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500. Aliyekimbia mikataba mifupi alikutana nayo huko, imevaa suti.

Pesa za vyeo hivyo chuoni zitoke wapi ni swali la haki, na wanaobaki hawana jibu zuri. Fomu nyepesi ya NIH ya kuomba ruzuku iliwekewa kikomo cha dola 250,000 kwa mwaka mnamo 1999, na kwa zaidi ya miaka 20 kikomo hicho hakikupanda huku mishahara na kemikali vikipanda. Kutoka kwenye kikapu hicho, profesa akiajiri mtu mmoja wa kudumu, anaacha vijana wawili. Vijana hao nao wana haki ya kuingia. Sijaona anayelijibu hilo bila kumuumiza mtu.

Ninachokijua ni friza. Katika maabara niliyowahi kufanya kazi tulikuwa na moja ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na kwenye rafu ya tatu kisanduku cha mwenzetu aliyekaa miaka 6 kisha mkataba wake ukaisha. Mirija 81, kila kifuniko kimeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi: herufi mbili, tarehe, namba. Daftari lake lilieleza nusu ya namba hizo. Tulimwandikia, akatujibu kwa upole zile alizozikumbuka, naye alikuwa na kazi mpya na mtoto mchanga. Miezi michache baadaye nafasi ikahitajika. Niliitoa ile mirija 23 tuliyoitambua, nikaipanga kwenye kisanduku kingine, na ile 58 nikaimimina kwenye mfuko wa taka.