Mezani ni hatua moja, mawinguni ni safari mbili

Ukimwambia mtu akurushie faili kubwa siku hizi, jibu la haraka ni "nakuwekea Drive, nakutumia linki." Kurusha moja kwa moja, simu kwa simu au simu kwa kompyuta, kumeanza kuonekana mambo ya kizamani. Hoja ya watu wa linki si ya kijinga, tutaifikia. Ila hesabu yao huwa inaruka kitu kimoja: nani analipia bando, na mara ngapi.

Chukua mpiga video wa harusi mwenye GB 20 za video ghafi, na mhariri aliyekaa meza ya pili. Kwa njia ya wingu, faili linapanda kwenye seva, kisha linashuka. Mtandao unaopandisha megabiti 10 kwa sekunde unabeba megabaiti 1.25 tu, kwa sababu baiti moja ni biti 8, na hapo ndipo matangazo ya kasi huwapiga wengi chenga. GB 20 kwa mwendo huo ni sekunde 16,000, karibu saa nne na nusu. Mhariri akishusha kwa megabiti 30, ongeza saa moja na nusu. Saa sita, ili faili livuke meza! Na zile GB 20 zimekula GB 40 za bando, nusu kila upande. Tena mzigo wenyewe hauingii wote: nafasi ya bure ya Google Drive ni GB 15, na humo humo mnabanana na barua pepe na picha. WhatsApp nayo inakomea GB 2 kwa faili, na ukituma video kama video badala ya hati, inaishusha ubora kabla haijaondoka.

Sasa mmoja awashe hotspoti ya 5 GHz, mwingine ajiunge. Kwa vifaa vya kawaida vya sasa, megabaiti 25 kwa sekunde si ndoto. Sekunde 800. Dakika kumi na tatu na ushee, na bando lililoliwa ni sifuri.

Sifuri hiyo ndiyo watu hawaiamini, kwa kuwa tumezoea kuita Wi-Fi intaneti. Wi-Fi ni redio tu kati ya vifaa viwili. Intaneti ni kitu kingine kinachoweza kuwa nyuma yake au kisiwepo. Zima data kwenye simu ya Android kabla ya kuwasha hotspoti, na faili litapita vilevile. Tena ni vizuri kuizima, maana laptopu ya mwenzako ikiona mtandao wa bure itaanza kushusha masasisho yake ya Windows kwa gharama yako.

Wengi walioikatia tamaa njia hii waliijaribu kwa bluetooth, na hapo wana haki. Kwa kilobaiti 200 hivi kwa sekunde, GB 20 zingechukua zaidi ya siku nzima. Quick Share ya Android na AirDrop ya Apple hutumia bluetooth kutambuana tu. Mzigo wenyewe unapita kwenye Wi-Fi. Kama vifaa ni vya ukoo tofauti, iPhone na Windows kwa mfano, programu ya LocalSend ni chaguo zuri: ni ya bure, msimbo wake uko wazi, haina matangazo, na inasimba faili njiani, yaani mwingine hawezi kulisoma.

Inapogoma, sababu ni zilezile. Vifaa havionani kwenye Wi-Fi ya hoteli au chuo kwa sababu ruta imewekwa itenganishe wateja. Hamna cha kufanya pale ila kuwasha hotspoti yenu. Windows imeuita mtandao huo wa umma na kufunga mlango. Ubadilishe kuwa wa binafsi, au ruhusu LocalSend kwenye ngome (firewall), mlango (port) namba 53317. Simu imeona Wi-Fi haina intaneti ikarudi kwenye data kimyakimya. Ikikuuliza kama ibaki, kubali. VPN imeachwa ikiwa imewashwa. Skrini imezimika na kiokoa betri kimeiua programu katikati ya kazi. Au faili linafika GB 4 na kukatika: hapo kosa si la mtandao, kadi au flashi ya upande wa kupokea imeumbizwa (format) kwa FAT32, ambayo haishiki faili moja la kufikia ukubwa huo. Iumbize upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

Kasi ikiwa ndogo, angalia kwanza kama hotspoti iko 2.4 GHz. Hapo megabaiti 5 kwa sekunde ni kawaida, na dakika kumi na tatu zinakuwa saa nzima na zaidi. Jambo lingine ambalo hata mafundi husahau: vifaa viwili vikiwa kwenye Wi-Fi ya ruta moja, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili, kwenda kwenye ruta na kutoka, kwa hiyo kasi inakaribia nusu. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, au achaneni na ruta.

Upande wa wingu una nguvu pale palipo na umbali na idadi. Mhariri akiwa Mwanza na mpiga video Dar es Salaam, meza haipo. Zipo huduma kama PairDrop zinazounganisha vivinjari viwili kupitia intaneti, lakini pande zote lazima ziwe hewani kwa wakati mmoja. Pia mitandao mingi ya simu huwaficha wateja kwa mamia nyuma ya anwani moja, kwa hiyo njia ya moja kwa moja ikishindikana faili linapitishwa kwa seva ya kati, au haliendi kabisa. Na hapo "bure" inayeyuka, kwani bando linaliwa pande zote mbili kama kawaida. Ukiwatumia watu kumi walio mbali, wingu linashinda wazi: unapandisha mara moja badala ya kumi.

Usalama haumpi ushindi yeyote. Februari 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Trend Micro ilitangaza udhaifu katika SHAREit ya Android, programu ya kurushiana mafaili, ambao ungeweza kumruhusu mshambuliaji kuendesha msimbo wake kwenye simu. Upande wa pili, Firefox Send, huduma nzuri tu ya linki, ilisimamishwa na kufungwa 2020 baada ya wahalifu kuitumia kusambaza programu hasidi. Anayerusha moja kwa moja achague programu isiyo na matangazo, na asiache mwonekano wazi kwa kila mtu. AirDrop yenyewe sasa hufunga mlango huo baada ya dakika 10.

Udhaifu halisi wa kurusha mezani ni kwamba hakuna nakala ya tatu. Linki huacha kitu kwenye seva, angalau kwa siku chache. Mezani, ukifuta kadi ya kamera na faili lililofika lina dosari, harusi imepotea. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake kwa baiti, siyo kwa GB zilizokadiriwa. Kwa kazi ya kulipwa, fungua Command Prompt uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256 kwenye kompyuta zote mbili za Windows; kila moja itatoa mstari wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo kwenye faili. Mistari hiyo miwili ikifanana, nakili tena kwenye diski ya pili, ndipo uiumbize kadi.