Gari la Zamani Halihitaji Matairi Mapana

Wenye Peugeot 504 na Mercedes W123 jijini Kampala, wanapotaka magari yao yashike barabara vizuri zaidi, wengi wao hutumia fedha za kwanza kwenye rimu kubwa na matairi mapana, kisha huenda kwenye mashine ya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mielekeo ya magurudumu, na kuridhika namba zikionekana za kijani. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduliwa. Gari la zamani hutengenezwa kwanza kwenye bushi (vipande vya mpira kwenye viungo vya magurudumu) na springi, halafu kwenye alaimenti, na tairi linalolifaa ni jembamba na refu kwenda juu.

Tuchukue saizi ya 175 R14, yaani upana wa milimita 175 kwenye rimu ya inchi 14, ambayo 504 nyingi zilitoka nayo kiwandani. Ubavu wa tairi hilo una urefu wa milimita 140 hivi, ilhali ule wa 195/50 R15, ambao ni asilimia 50 ya upana wake, haufiki 100, na gari zima hushuka karibu milimita 30. Gari hilo la 504, ambalo lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, lilisifika kwa springi zake ndefu na laini. Ukilinyima ubavu wa tairi, kila shimo la barabarani hupiga moja kwa moja kwenye bushi na boljointi, yaani viungo vya mviringo vinavyoshika gurudumu. Zaidi ya hayo, rimu inayolitoa gurudumu nje huuongezea usukani uzito na kuufanya uvutwe upande kila gurudumu moja linapogonga shimo au breki za mbele zinaposhika bila usawa.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kasta, yaani jinsi mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia unavyolala kuelekea nyuma. Ulalo huo ndio unaourudisha usukani katikati baada ya kona na kulinyoosha gari kwenye barabara ndefu kama ile ya Masaka. Sasa tazama tunachofanya: ili gari libebe matoke na mizigo ya kijijini, fundi huweka springi ngumu zaidi nyuma, mkia unainuka, pua inashuka, na kasta inapungua. Siku ambayo buti ni tupu, gari hutangatanga, mwenye gari analaumu matairi na kununua mengine. Springi za urefu wa kiwandani zingemgharimu kidogo kuliko hayo matairi.

Vivyo hivyo kwa pua za magurudumu ya mbele. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, pua za yale ya mbele huelekea kutanuka nje linapokwenda, kwa hiyo fundi huziingiza ndani milimita chache. Bushi zikiwa zimechoka, kipimo kilichochukuliwa gari likiwa limesimama hakidumu hata hadi kwenye taa za kwanza. Anayefanya alaimenti kabla ya kutikisa gurudumu na kukagua tairodi, yaani fito zinazogeuza magurudumu, anauza karatasi.

Kuhusu magari ya zamani zaidi yaliyoundwa kwa matairi yenye nyuzi zinazopishana, namba za kiwandani zenyewe zinahitaji kutafakariwa. Tairi la radiali, yaani la kisasa lenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, hupenda kusimama wima zaidi, au kuegemea ndani kidogo, na haifai kabisa kuchanganya aina hizo mbili kwenye ekseli moja. Upepo nao si jambo dogo: Volkswagen Beetle yenye radiali huhitaji takriban paundi 18 mbele na 27 nyuma, kwa kuwa injini iko nyuma, lakini kijana wa kituo cha mafuta atakujazia 35 kote usipomsimamia.

Kununua matairi ya mtumba kutoka Japani sikushauri, hata meno yakiwa mazuri. Gari linalotoka Jumapili tu huzeesha matairi kabla ya kuyamaliza, na tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT iliyochapwa ubavuni husema ukweli: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Wengine huchukua matairi ya C, yaani ya magari ya kubeba mizigo, ya zile taksi za abiria 14 kwa sababu saizi inaingia. Hubeba mzigo, ndiyo, lakini mpira wake ni mgumu na lami iliyolowa tope jekundu haiusamehe. Kama 175 R14 ya gari dogo imekosekana madukani, mimi huchagua 185/70 R14, ambayo hupunguza kimo cha gurudumu kwa milimita 20 tu na bado huacha ubavu wa karibu milimita 130.