Ukitoa OTP, kosa ni lako peke yako?

Mtu akiibiwa kwenye kadi swali la kwanza analoulizwa ni kama alimtajia mtu ile OTP, yaani namba ya siri ya kutumika mara moja ambayo benki inakutumia kwa meseji kuidhinisha malipo, akisema ndiyo basi kesi imeisha, anaambiwa kajitakia mwenyewe. Mi naona hapo tunakurupuka.

Benki nao wana hoja, tusiwabeze. Ule mstari wa sumaku nyuma ya kadi data zake ni zilezile kila siku, mwizi akiinakili mara moja tu ameshapata kadi ya pili. Chipu ikaziba hapo kwa sababu kila muamala inatengeneza namba mpya ya siri, ya leo kesho haifanyi kazi. Wezi wakahamia onlaini ambako chipu haisomwi, namba ya kadi, tarehe yake ya kuisha na tarakimu 3 za nyuma zinatosha, ndo OTP ikaletwa. Sasa benki ikimrudishia hela kila aliyetoa OTP, na waongo watapanga foleni, hilo ni kweli kabisa.

Ila hebu angalia inavyotokea. Simu inaita, jamaa anasema ni wa benki, anakutajia jina lako na namba 4 za mwisho za kadi, anasema kuna mtu ananunua kitu kwa kadi yako sasa hivi, nakutumia namba ya kuufuta huo muamala. Meseji inaingia kweli, palepale zinapoingiaga meseji zote za benki yako, namba 6 ziko mwanzo kabisa, kiasi na jina la duka viko mwisho ambako mtu aliyeshikwa na hofu hafiki. Namba uliyoambiwa inafuta ndo inaidhinisha! Huyo simuiti mzembe. Na kuna wengine hawakutoa kitu, tapeli kaihamishia laini yao kwake na OTP zikamfuata.

Marekani sheria inasema kadi ya mkopo ikitumika bila idhini yako hubebi zaidi ya dola 50, hasara ikibaki kwa benki wanapata sababu ya kufuatilia miamala ya ajabu ajabu. Kadi ya debiti ndo mbaya zaidi maana hela inatoka kwenye akaunti yako moja kwa moja, mnabishana huku huna kitu.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mteja, waanze na ile meseji yao: kiasi na jina la duka vitangulie, namba ije mwisho. Na wewe ukipigiwa, kata, halafu piga mwenyewe namba iliyoandikwa nyuma ya kadi.