Kondoa bila msiba wala harusi

Mwambie mtu wa Dodoma kwamba Ijumaa unakwenda Kondoa na mume wako, atakuuliza: nani amefariki? Ukisema hakuna msiba, atauliza kama ni harusi. Harusi nayo hakuna. Basi mna shamba huko? Hamna. Hapo anakosa la kusema, kwa sababu katika hesabu zetu likizo ya mke na mume ina mahali pawili tu: Zanzibar kwa wenye uwezo, Bagamoyo kwa wanaojibana. Huku katikati ya nchi ni kwa kupita, mahali pa kushuka kuchimba dawa, mnunue na chupa ya maji, kisha safari iendelee.

Mimi naona kinyume. Kwa wanandoa wanaotaka kukaa pamoja, na wala si kupiga picha za kukaa pamoja, sijui sehemu inayowafaa kuliko huku kwetu. Na sababu ni hiyo hiyo inayowafanya watu wapadharau: hakuna aliyekuandalia kitu.

Nungwi kule Zanzibar ni pazuri, nani atabisha? Lakini likizo ya kule imeshapangwa kabla hujafika. Asubuhi boti, mchana ziara ya mashamba ya viungo, jioni meza ya mishumaa ufukweni na kijana mwenye kamera anayewaambia geukeni huku, tabasamuni. Mnarudi nyumbani mmezungumza zaidi na wahudumu kuliko nyinyi kwa nyinyi, na mwisho wa mwezi mkopo wa SACCOS unaanza kukatwa. Kuna ndoa zimelipia machweo ya jua kwa awamu kumi na mbili.

Huku, msipoulizana hamfiki. Tunalala wapi? Tunapita njia gani? Hela ya mafuta anashika nani? Tugeuze au tuendelee? Maswali madogo, lakini yanahitaji vichwa viwili, na watu wawili waliozoea kuachiana ujumbe wa "nunua mkaa" wanajikuta wanapanga jambo pamoja.

Anzeni na Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani. Kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa ni kama kilomita 160, lami, kwenye barabara kuu ya kwenda Babati na Arusha ambayo wazee bado wanaisimulia ilivyokuwa ya vumbi na matope. Kolo iko mbele ya Kondoa mjini, mwendo mfupi tu. Pale kuna kituo cha mambo ya kale: mnajiandikisha, mnalipa kiingilio, mnapewa mwongozaji. Msijifanye wajanja mkaingia porini wenyewe, maana miamba imetawanyika na asiyeijua ataishia kutazama mawe. UNESCO iliiingiza michoro ya miambani ya Kondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lenyewe ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na sehemu zenye michoro zinakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Ngorongoro nayo imo kwenye orodha hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba Ngorongoro mtamtazama simba mmoja mkiwa na foleni ya magari nyuma yenu, na Kolo mnaweza kusimama mbele ya mwamba mkiwa wawili tu na mwongozaji.

Kama muda unatosha sehemu moja tu, nendeni Mungomi wa Kolo. Gari liwe la juu kidogo, hasa kama mvua imenyesha, na mwisho mnapanda kwa miguu kwenye mawe, kwa hiyo ndala zibaki garini. Juu kuna michoro ya rangi nyekundu: wanyama, na watu warefu wembamba ambao vichwa vyao vimekaa kama vimevalishwa kitu. Michoro myeupe, ile minene iliyopakwa kwa haraka, ni ya baadaye. Ile myekundu inahusishwa na wawindaji wa kale, na wengi wanaitaja jamii ya Wasandawe, ambao hadi leo wako jirani hapo wilayani Chemba.

Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alifika Kolo mwaka 1951 akanakili michoro hii kwa mkono. Kuna mchoro mmoja ulioupa mwamba huu jina kubwa. Mtu anayeonekana kuwa mwanamke yuko katikati, na kila upande wake kuna watu. Wengine wamemshika mikono. Leakey aliona mwanamke anayetekwa. Waliokuja baadaye wakasema hapana, huenda ni ngoma ya uganga, mtu amepandisha na wenzake wanamshikilia asianguke. Mume wangu akasema moja kwa moja: anatekwa. Nikamwambia mtu anayetekwa hasimami hivyo. Tulibishana kuanzia pale juu hadi chini, mwongozaji akachoka akatangulia. Sasa niambie, lini mara ya mwisho wewe na mwenzako mlibishana juu ya jambo ambalo si ada, si LUKU, si mama mkwe? Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye likizo, na sikioni nikiwa nimelala chini ya mwavuli wa makuti nikiletewa maji ya dafu.

Neno moja la adabu. Mungomi wa Kolo hapajawa makumbusho. Wenyeji bado wanapanda kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na mnaweza kukuta alama za tambiko. Msiguse. Na msimwage maji kwenye mwamba ili rangi ikolee kwenye picha. Uharibifu wa namna hiyo umeshatosha.

Laleni Kondoa mjini. Kesho yake, kabla ya kuondoka, tazameni makorongo ya wilaya ile na miteremko inayoota miti upya. Ardhi ya Kondoa iliwahi kuliwa na mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Muulizeni mzee yeyote pale sokoni habari ya kuhamisha ng'ombe, halafu vuteni kiti.

Sasa gesti. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na ndipo mpango unapohitaji akili. Msilipie chumba kwa simu. Fikeni saa za mchana, ombeni kuonyeshwa chumba, fungueni bomba, bonyezeni kitanda, angalieni neti kama ina matundu. Mwenye gesti anayekataa kuonyesha chumba ana sababu yake. Swali la muhimu kuliko yote ni kama kuna baa au ukumbi wa sherehe jirani, na leo ni siku gani. Jumamosi, MC wa harusi ya watu msiowajua atawasimulia maisha ya bwana harusi hadi usiku wa manane. Kitabu cha wageni kitawataka mwandike jina, kabila, kazi, mnakotoka na mnakokwenda, na mhudumu atawatazama kwa namna yake, maana hajazoea mke na mume wanaokuja kupumzika. Andikeni, mchukue ufunguo.

Wanaotoka Dar es Salaam siku hizi hawana kisingizio cha umbali. Treni ya SGR inafika Dodoma tangu Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Safari iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi sasa ni ya saa chache. Tatizo lililobaki ni kalenda. Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti. Vyumba vya Dodoma vinajaa wabunge, maofisa wa wizara na watu wanaowafuata watu wa wizara, na bei inapanda ipasavyo. Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni. Oktoba na Novemba jua linapiga bila huruma. Mimi naupenda Julai: bajeti imepita, anga iko wazi, upepo upo, usiku mnavaa sweta. Anayependa kijani aje Februari au Machi, mibuyu ikiwa na majani, ila ajue barabara za vumbi zitakuwa tope na Kolo inaweza kumgomea.

Februari na Machi ni msimu wa zabibu pia, na Agosti na Septemba tena, kwa sababu Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Nendeni Hombolo au Mpunguzi, au Bihawana kwa njia ya Iringa, ambako wamisionari walipanda zabibu zamani. Hakuna atakayewapokea na glasi. Mtaongea na mkulima, atawakatia vichala, mtalipa kwa kilo, na mkimpa nafasi atawaeleza kwa kirefu bei ya viwanda inavyomuumiza. Mvinyo nunueni mjini. Mimi nataka mweupe mkavu. Mwenzangu anataka ule mwekundu mtamu wa kila duka, ambao kwangu ni sharubati yenye kiburi. Tunanunua chupa mbili.

Kwa wapenda ngoma kuna Chamwino, nyumbani kwa muziki wa Kigogo: zeze la nyuzi, ilimba ya kupigwa kwa vidole, na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama. Kila mwaka huwa na tamasha pale, ulizieni tarehe mapema. Mimi naona hata kikundi kikifanya mazoezi tu chini ya mti kinatosha, na mara nyingine kinazidi.

Singida ni kama kilomita 240 kutoka Dodoma. Mnapita Bahi, mnapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na hapo juu simameni mgeuke nyuma. Mjini kuna maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na mawe makubwa ya matale yaliyokaa kando ya maji. Kukiwa na bahati mtawaona heroe (flamingo). Jioni ni kuku wa kienyeji, na mtu akiwaletea kuku wa kisasa Singida, rudisheni sahani. Njiani heshimuni vibao vya 50. Wale trafiki wenye tochi hawakai kwenye mti mnaoutazamia. Na msiendeshe usiku, kuna ng'ombe, kuna malori yaliyokufa barabarani bila taa.

Lakini ugumu halisi wa likizo ya wawili katika mikoa hii haumo kwenye gesti wala barabara. Umo kwenye ndugu.

Ramani ya Mtanzania ni ramani ya ukoo. Kila mji una shangazi, kila stendi ina binamu. Mkipita Singida mkalala gesti, na habari ikafika, na itafika, mtaulizwa mbele ya kikao cha familia: kwetu kuna funza? Mkienda kulala kwa shangazi, likizo imeisha. Kuku atachinjwa, sawa. Baada ya hapo mume ataketishwa nje na wajomba hadi usiku, mke atapelekwa jikoni na kisha chumba cha mabinti, na asubuhi mtaitwa wote wawili mkae, mwanangu kuna hili suala la ada ya mdogo wenu. Hapo mnasema "ndiyo shangazi" na kufungua simu kuangalia salio.

Wapo wanaosema usiende kabisa, ndoa ni yenu wawili. Hao sikubaliani nao, na nadhani wengi wao hawajawahi kuuguliwa. Siku mkiwa na shida, meneja wa hoteli ya ufukweni hatakuja. Atakuja shangazi, kwa basi la usiku, na kuku ndani ya kikapu. Kwa hiyo shangazi asalimiwe. Ninachobishania ni saa na siku. Asalimiwe siku ya kurudi, si siku ya kufika. Mchana, si jioni. Mkiwa na sukari, sabuni na kitenge mkononi, na gari likiwa limegeuzwa mbele kuelekea barabarani. Hela ya kumwachia itengwe kwenye bajeti tangu nyumbani, wote wawili mkijua ni kiasi gani, ili asitokee mmoja wa kuonyesha ukarimu kwa hela ya mafuta. Na jambo hili mlizungumze kabla ya kuondoka, si mkiwa Manyoni mmoja ameshanuna.

Kwetu halijaisha. Shangazi wa Singida ni wa upande wa mume wangu, na yeye anashikilia kwamba kufika mji wa shangazi Ijumaa na kumpigia hodi Jumapili ni tusi, hata ukija na gunia la sukari. Mimi nashikilia kwamba tukimpigia hodi Ijumaa, Ziwa Singidani nitalisikia kwenye redio. Kwa hiyo Julai hii tunaelekea kusini, kwenye bwawa la Mtera, tukale samaki. Kule hatuna ndugu.