Piga Window Tu, Mzee

Mji huu wa Dar es Salaam una dawa moja tu ya kompyuta, nayo ni "piga window", yaani futa Windows iliyomo uiweke upya. Laptopu inachelewa kuwaka? Piga window. Inapata moto? Piga window. Kitufe cha herufi A kimeng'oka, fundi anakishika, anakigeuza, anaguna: "Hii, mzee, ni ya kupiga window." Siku moja nitawapelekea pasi ya mkaa nione.

Yangu mimi ilikuwa inaongea. Tk. Tk. Tk. Kimya. Halafu krrrr, kila kitu kinaganda, mshale hausogei, na vile vidoti vinazunguka pale katikati mpaka kizunguzungu unakipata wewe uliyekaa. Kufungua faili moja la hesabu ilikuwa safari. Na nyumbani kwangu, ugonjwa ukishaingia, madaktari ni wengi. Mama Zawadi alisema virusi, kwa sababu shemeji huwa anaingiza flashi zake. Shemeji alisema RAM. Mtoto wa mwisho akauliza kwa nini nisinunue mpya, na huyo mtoto hajui hata bei ya daftari analoandikia.

Mafundi niliowapitia wote walipiga window. Wanapiga, wanapokea hela yao, laptopu inatulia siku chache, halafu tk, tk, tk, imerudi. Hakuna aliyefungua hata skrubu moja. Na window yenyewe wanaiweka ileile ya kwenye flashi yao, imejaa programu nisizozijua, nyingine ya kuhariri picha za harusi. Mimi naandika misumari na saruji.

Ndipo nikaelekezwa kwa binti mmoja Kariakoo, kibanda chake kimebanwa katikati ya duka la chaja na muuza kava za simu. Akanipa shikamoo ya haraka, nikaitikia, akaiwasha laptopu, kisha akafanya jambo ambalo hakuna fundi mwingine aliyelifanya: aliinama akaweka sikio.

"Baba, hii haina shida ya window. Diski inakufa."

Akaniambia ndani ya ile diski kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kinachosoma, kinaelea umbali wa nanomita chache tu kutoka kwenye sahani. Alama ya kidole ingekuwa mlima pale. Nikawaza daladala ninayopanda kila siku na barabara ninayopita, laptopu nimeipakata imewaka ili nimalizie hesabu, dereva hajawahi kuliona tuta akalipenda. Sikumwambia hayo.

Akafungua programu inayosoma afya ya diski. Kumbe diski, tangu kiwandani, inawekewa sekta za akiba. Sehemu moja ikiharibika, inahamishia kazi kwenye akiba kimyakimya, mwenye mali hujui. Akiba ikielekea ukingoni ujue diski inakaribia kufa. Yaani kipande cha chuma kina akiba, mimi mwenye miaka yote hii kazini tarehe 15 naomba nauli.

"Wengine wakiona hivi wanaikagua kwa CHKDSK, ile programu ya Windows ya kukagua diski," binti akasema, "wanaichosha mpaka inakufa mezani. Tunaanza kutoa mali kwanza." Nikampenda hapo hapo kwa busara hiyo. Kisha akaniuliza swali gumu kuliko yote: "Vitu gani ni muhimu?"

Nikapiga simu nyumbani, nikijua ni kosa la kiserikali kuamua peke yangu. Mama Zawadi: picha za kitchen party ya mdogo wake. Shemeji: muvi zake zilizotafsiriwa, "zipo kwenye folda imeandikwa Masomo." Mimi: hesabu za duka la tajiri. Binti akaanza kunakili. Ile mashine ikasema zimebaki dakika 4. Ikafikiri. Ikasema saa 11. Ikafikiri tena, siku 2. Ikarudi dakika 6. Mtu akizungumza namna hiyo kwenye kikao cha mtaa anatolewa nje, lakini kompyuta tunaikodolea macho na kuiamini.

Mwisho wa yote picha zikatoka. Muvi zikatoka zote, hakuna hata moja iliyokwaruzika, mpaka zile za mapanga. Hesabu za mwezi Machi zikagoma. Sahani nzima hiyo, yenye nafasi ya kila aina ya upuuzi, sekta zilizokufa ni zile zilizobeba Machi. Nikazijaza upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, risiti moja moja, huku shemeji sebuleni anacheka na muvi yake.

Diski mpya tukachukua SSD, isiyo na sahani wala kichwa, haizunguki. Bei siiandiki hapa, Mama Zawadi anasoma. Binti alinikataza zile za barabarani zinazonadiwa kuwa na terabaiti 2 kwa bei ya kuku: ndani kuna chipu ndogo iliyodanganywa namba, ukijaza inafuta ya zamani na kuandika juu yake, na wewe unaona majina ya mafaili yapo tu yamejipanga.

Sasa nije kwenye dhuluma. Boksi limeandikwa GB 256. Nimelipia 256. Naifungua kwenye kompyuta, naona 238. Nikarudi dukani nimekunja uso. Muuzaji hata hakushtuka, inaonekana tuko wengi. Akanieleza kwamba kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo baiti ni zilezile ila hesabu ni mbili. Sawa, nimeelewa. Lakini muuza sukari wa mtaani kwetu akikupimia gramu 930 akaita kilo, tunawaita Wakala wa Vipimo na mizani yake inabebwa. Hawa wenzetu wana hesabu zao mbili na hakuna anayewagusa.

Binti aliikaza SSD kwa skrubu nne na akasema window ni elfu kumi zaidi. Shemeji, ambaye siku hiyo alijileta kulinda muvi zake, akadakia: "Ya nini? Tutapiga wenyewe nyumbani." Binti akatutazama, akatuandalia flashi ya GB 8, akasema haya. Lile "haya" nililifahamu baadaye.

Windows 11 tuliikosa kwa kizazi kimoja. Prosesa yangu ya Intel ni kizazi cha 7, Microsoft wenye Windows yao wanaanzia cha 8. Windows 10 nayo wenyewe walitangaza kuacha kuihudumia tangu Oktoba 14, 2025. Kwa hiyo mashine yangu imezaliwa mapema mno kwa hili na imechelewa kwa lile. Tukaweka 10, tukamwachia Mungu na antivirusi.

Imefika asilimia 73, umeme ukakata. Betri ya laptopu ilishastaafu, inaishi kwa waya tu. Tukakaa gizani, shemeji akanishauri niwe na subira. Umeme uliporudi tukaanza upya, na nikamkataza mtu yeyote nyumbani kuwasha pasi.

Ikamalizika. Saa ikaonyesha ya Marekani. Nikaenda kuchagua ya kwetu, nikaitafuta Dar es Salaam kwenye orodha kutoka juu mpaka chini. Haimo. Kuna Nairobi. Yaani Mtanzania ili ujue saa za nyumbani kwako lazima uombe kwa jirani, na yule jamaa yangu Mkenya wa duka la pili nilipomsimulia alifurahi kuliko inavyostahili.

Kisha Wi-Fi haionekani. Inakosekana draiva, ile programu ndogo inayoifanya kompyuta iitambue Wi-Fi yake. Draiva inapatikana wapi? Kwenye intaneti. Intaneti inaingia kwa njia gani? Kwa Wi-Fi. Hapo shemeji alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu. Aliyetuokoa ni mtoto wa mwisho, yule wa "nunua mpya": akachomeka simu yangu kwa waya wa chaja, akawasha ile ya kugawa intaneti kwa USB, mambo yakaanza kushuka. Yalishuka kweli. Kabla ya draiva kukaa vizuri, Windows ilishaanza kujisasisha yenyewe, na bando langu la wiki likaisha kabla ya Ijumaa kuingia.

Nikaambiwa niingie kwenye akaunti ya barua pepe. Nikaweka nywila. Ikasema tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na 47. Hiyo 47 ni laini iliyozimwa mwaka 2020 wakati wa usajili wa alama za vidole, nilikuwa kwenye foleni bado.

Jambo moja halikunisumbua: leseni. Nilijiandaa kununua, kumbe ufunguo wa Windows umehifadhiwa kwenye bodi ya laptopu yenyewe tangu kiwandani, ikaunasa na kujithibitisha bila kuniuliza kitu. Hakuna aliyetaka nakala ya kitambulisho wala barua ya mtendaji. Nilihisi nimeibiwa mahali.

Haya, sasa inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Zamani nikifika dukani naibonyeza, navuka barabara kwa mama ntilie, chai ya maziwa, chapati mbili, nasoma vichwa vya habari vya magazeti ya watu, narudi ndiyo kwanza inanikaribisha. Tajiri akichungulia, "Kompyuta bado?" namjibu "Bado, tajiri," na sikuwa nimesema uongo. Juzi kasimama nyuma yangu, kaona kioo kinawaka papo kwa papo, kafurahi sana. Akasema kumbe hesabu za stoo zinaweza kuwa mezani kwake saa mbili kamili. Nikitoka kwenda kwa mama ntilie siku hizi, chapati nakuta zimeisha.